Meusi Manne

Kwa Mwalimu Maganga nyimbo zote za kanisa zilikuwa na barabara moja, nayo ilipita kwenye meno meupe. Kinanda cha kigango chao, kilomita chache nje ya Ushirombo, kilikuwa na vitufe viwili vya kupandisha na kushusha kimo cha sauti, na kwaya nzima iliviita gia. Soprano wakilalamika kwamba wimbo uko juu, unashusha gia mbili. Besi wakizama, unapandisha tatu. Vidole havina habari. Vinapita palepale siku zote, juu ya herufi ambazo Maganga alizichora mwenyewe kwa maka peni: d, r, m, f, s, l, t. Meno meusi yalibaki mapya kama siku kinanda kilipotoka dukani Kahama. Yaliguswa mara mojamoja, kwa ncha ya kidole, kama mtu anavyogusa sufuria kuona kama imeshapata moto.

Maganga hakusomea ualimu. Shule aliacha darasa la tano akaenda kwenye madini upande wa Geita, akakaa miaka kumi na minane akilisha mawe kwenye karasha, mashine ile inayosaga mawe ya dhahabu kuwa unga. Dhahabu iliwaendea wenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia. Unga ulimwendea yeye, ukakaa kifuani. Aliporudi nyumbani alirudi na kikohozi, na wimbo mmoja aliokuwa ameutunga kichwani huku mashine ikinguruma: "Bwana, Nimechoka Kuchimba." Kwaya iliupenda kuliko nyimbo zote. Juu ya karatasi ya nota aliandika "Do ni A flati", kwa sababu mtu mmoja wa mjini alimwambia ndivyo inavyoitwa. Yeye alijua tu kwamba ni gia nne chini, na kwamba hapo ndipo besi yake mwenyewe ilipojisikia iko nyumbani.

Ansgar alianza kukaa pembeni ya kinanda hicho akiwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake naye alikwenda Geita akapotelea huko. Hakufa, hakurudi tu. Kwa hiyo mambo mengi ambayo kijana huyaona kwa baba, Ansgar aliyaona kwa Maganga: kunyoa ndevu, kumsalimia padre, kukaa kimya watu wakikusema. Na kinanda. Alipofika miaka ishirini na mitano hapakuwa na mpiga kinanda wa kumfikia kuanzia Ushirombo hadi Masumbwe. Harusi mbili kwa siku moja alizimudu. Wimbo ambao hajawahi kuusikia aliusikiliza ubeti mmoja, ubeti wa pili anakuwa ameshaingia.

Ndiyo maana chuo cha muziki cha watawa kule Shinyanga kilipotangaza nafasi za kusomea vinanda, paroko alimpeleka akasailiwe, na hakuna aliyeshangaa alipochukuliwa. Usaili ulifanyika kwenye kinanda cha umeme. Kilikuwa na gia.

Siku ya kumuaga, mwezi wa kwanza, Maganga alimsindikiza mpaka barabara ya lami, akisimama kila baada ya hatua ishirini kutafuta pumzi. Alimwambia maneno mengi ya kawaida, asome, asinywe, awaheshimu watawa. Gari lilipoonekana kwa mbali ndipo akasema lile alilokuja kulisema.

"Nyanda, kijana wangu, mimi siku zangu nazijua. Siku hiyo ikifika uje unipigie ule wa kwangu. Asipige mtu mwingine."

Ansgar alimwambia asiseme hivyo.

"Nimekuuliza utakuja au hutakuja?"

"Nitakuja, Mwalimu."

"Basi. Panda gari."

*

Sista Bernadina, mkuu wa darasa la vinanda, alikuwa mama mfupi wa kutoka Bukoba mwenye miwani nzito. Siku ya kwanza alimkalisha Ansgar mbele ya piano, sanduku kubwa la mbao lililochakaa pembeni lakini sauti yake safi, akamwambia apige wimbo wowote wa kwao. Ansgar alipiga. Wanafunzi wenzake watano waliokuwa nyuma walitazamana. Sista akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba ni vizuri.

"Sasa piga huohuo, do iwe E flati."

Ansgar aliinama akatafuta kitufe. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akainua kifuniko akachungulia chini yake. Nyuma yake binti mmoja wa Mwadui, Nelly, akauliza kwa upole wa uongo, "Kaka, unatafuta swichi ya taa?" Darasa likaangua kicheko.

Sista hakucheka. Alimuuliza amepiga kinanda miaka mingapi, na alipojibiwa kumi na miwili, alivua miwani akaifuta.

"Nyumba hii ina vyumba kumi na viwili," alisema. "Umekaa humu miaka kumi na miwili, na siku zote ulikuwa unalala sebuleni."

Akampa masharti. Gia asiiguse tena mpaka mwaka uishe, hata akiwa likizo, hata kwa wimbo mmoja. Akiigusa, vidole vitarudi kwao. Akamtoa kwenye kundi la Nelly na wenzake, akamweka na wanaoanza.

Hakuna kitu kigumu kama mtu mzima kuambiwa aanze upya jambo ambalo watu walikuwa wanampigia makofi. Ansgar alikaa na watoto wa sekondari waliokuja kujifunza siku za Jumamosi. Alijifunza kwamba meno meusi yamepangwa kwa makundi, mawili pamoja, matatu pamoja, mawili, matatu, toka mwanzo wa kinanda hadi mwisho, jambo ambalo alikuwa amelitazama miaka yote bila kuliona. Alijifunza wimbo wenye jeusi moja. Wiki nne baadaye akaenda kwenye meusi mawili. Vile vitoto vilikwenda mbele kwa sababu vidole vyao havikuwa na kumbukumbu yoyote. Vya Ansgar vilikuwa na kumbukumbu nyingi mno. Ukivipeleka kwenye jeusi vilikubali mara moja, mara mbili, kisha vikateleza kurudi kwenye barabara ya zamani kama ng'ombe anayejua zizi lilipo. Alikuwa hawezi tena kupiga kama zamani bila kusita, na kama wanavyopiga watu wa chuo hajaweza.

Kidogo kidogo akaanza kumchukia mtu. Na mtu wa kumchukia alikuwa mmoja tu.

*

Pasaka alirudi nyumbani. Kwaya ilikuwa imemsubiri kama mgonjwa anavyomsubiri daktari aliyetoka masomoni. Yeye alikumbuka masharti ya Sista. Hakugusa gia. Alichagua nyimbo nne tu, zile za meusi mawili kushuka chini, na hizo nazo alizipiga polepole, akisimama katikati, akirudia. Nyimbo za shangwe za Pasaka, ambazo mwaka uliopita zilifanya akina mama watoke kwenye mabenchi wakicheza, zilikwenda kama maandamano ya msiba.

Samwel, mwenyekiti wa kwaya, fundi baiskeli mwenye besi nzito na mdomo mwepesi, hakumngoja hata atoke mlangoni. "Tulimpeleka akanolewe," aliwaambia wenzake, "karudi butu." Wakacheka. Ansgar naye alicheka, kisha akaenda kwa Maganga.

Maganga alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha kamba. Alikuwa amepungua. Mashavu yameingia ndani, mabega yanapanda juu kila anapovuta hewa. Hakwenda kanisani siku hiyo, lakini kanisa lilikuwa karibu na spika zilikuwa kubwa. Ansgar alimpa shikamoo, akaitikia, akamwonyesha kigoda.

"Nimekusikia," alisema. "Mbona umepiga kama mtu anayevuka mto asioujua?"

Alisema kwa upole. Pengine angesema kwa ukali, Ansgar angenyamaza, maana ukali wa Maganga aliuzoea. Upole ndio uliomfungua.

Alimweleza yote. Alimweleza piano, swichi ya taa, watoto wa Jumamosi. Alimwambia kwamba gia ni kitu cha watu wasiojua, kwamba chuoni mtu akiitaja wanacheka. Sauti yake ilikuwa inapanda, na mke wa Maganga, Apolonia, aliyekuwa anatoka jikoni na bakuli la uji, alisimama mlangoni.

"Ulinifundisha uongo, Mwalimu," Ansgar alisema. "Miaka kumi na miwili. Vidole hivi unavyoviona vimejaa makosa yako."

Maganga alivitazama vidole vile kweli, kana kwamba ameambiwa vina kidonda. Kifua kilikuwa kikifanya kazi.

"Kwa hiyo yale meusi..."

"Meusi ndiyo muziki wenyewe. Nusu ya kinanda hukuwahi kuigusa."

"Na hawa ninaowafundisha sasa?"

"Nao unawaharibu."

Apolonia akaja akaweka uji juu ya kigoda kingine, taratibu, usimwagike. Hakumtazama Ansgar. "Baba Paskalina hakusoma," alisema. "Alichokuwa nacho ndicho alichokupa. Hakubakiza kingine akaficha."

Ansgar alijua kwamba hapo ndipo mahali pa kuomba radhi. Aliliona neno lenyewe, liko karibu. Akaaga, akasema gari la kesho ni la alfajiri, akaondoka.

*

Mwezi wa tano, siku ya Jumatano, simu yake ilipokea ujumbe wa sauti. Alikuwa nje ya chumba cha mazoezi, anangoja zamu. Ujumbe ulianza na pumzi, pumzi tupu, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Kisha sauti ya Maganga, nyembamba.

"Nyanda. Ule wa kwangu una meusi mangapi?"

Basi. Hakuwa na hewa ya kuongeza salamu.

Ansgar alijiuliza swali lile ni la nini kwa mtu ambaye hata kusimama hawezi. Alihesabu kichwani, A flati, alikuwa amefundishwa kuhesabu ingawa hajafika kupiga. Akaandika neno moja, "Manne", akatuma. Zamu yake ikafika. Alikusudia kumpigia Jumapili wazungumze vizuri, na hata maneno aliyaandaa. Jumapili akafua nguo, akalala, jioni chuo kikawa na misa ya pamoja. Jumapili iliyofuata hakukumbuka. Iliyofuata alikumbuka, akaona aibu kwa kuchelewa, na aibu ikamfanya achelewe zaidi.

Jumanne ya pili ya mwezi wa sita Samwel akampigia asubuhi. Hakuwa na utani. Mwalimu amefariki alfajiri, nyumbani kwake. Mazishi Alhamisi. "Kinanda ni wewe," Samwel alisema, "na wimbo wake ni wewe."

Ansgar alikwenda kwa Sista Bernadina akamweleza. Alimweleza ahadi ya barabarani na A flati. Hakumweleza ya Pasaka. Sista alikaa akafikiri.

"Meusi manne kwa siku mbili, na wewe uko kwenye mawili," alisema. "Haiwezekani. Tumia kitufe."

"Sista ulisema..."

"Nilisema. Sasa nasema tumia kitufe. Waliofiwa hawaji pale kukusahihisha mtihani."

Hata hivyo siku hiyo alikaa kwenye piano hadi saa kumi jioni. Alipata mahali yalipo yale manne: mawili yote kutoka kundi la mawili, na mawili ya mwisho kutoka kundi la matatu. Kuyapata aliyapata. Kuyapitia yakiwa na wimbo juu yake hakuweza. Lakini hakuogopa. Gia nne chini, barabara ya zamani, na wimbo wa Mwalimu utapita kama Mwalimu alivyoupitisha siku zote. Aliona hata kwamba hiyo ndiyo haki, kumzika mtu kwa njia yake. Itakuwa ndiyo radhi yenyewe, aliyokosa kuisema.

*

Alifika Jumatano jioni, akasalimia wafiwa, akakaa na wanaume uani. Kinanda kilikuwa kimefungiwa sakristia na ufunguo alikuwa nao katekista. Hakuona haja ya kukijaribu.

Alhamisi kanisa lilijaa hadi nje. Jeneza liliwekwa mbele, limefunikwa kitambaa cheupe ambacho akina mama wa WAWATA walikuwa wamekifuma. Kwaya iliimba nyimbo za kuingilia na za sadaka kavukavu, bila kinanda, na Ansgar, aliyekuwa amekaa nao, alidhani ni kwa sababu kinanda kimewekewa wimbo wa Mwalimu peke yake. Baada ya komunyo Samwel akamgusa bega.

"Haya. Ule wa Mwalimu."

Alikaa. Herufi za maka peni zilikuwa palepale, d imekaribia kufutika. Aliwasha, akapeleka kidole kwenye kitufe cha kushusha, akabonyeza mara nne bila kutazama, kama mtu anavyopapasa mlango wa kwake gizani. Akagusa do. Ilitoka juu.

Akatazama kioo. Sifuri. Akabonyeza tena. Kitufe kilizama laini, hakina kitu chini yake. Akabonyeza cha kupandisha. Sifuri.

Samwel aliinama kwenye sikio lake. "Unatafuta gia? Si alishaitoa. Baada tu ya Pasaka alinituma nimlete fundi redio, akafungua, akakata. Tukamuuliza tutaimbaje. Akasema wewe umesema inaharibu watu." Kisha, alipoona uso wa Ansgar, akaongeza, "Si ulijua?"

Padre alikuwa amekaa, anangoja. Apolonia, benchi la mbele, alikuwa amefunga macho.

Ansgar akavuta pumzi akaweka vidole kwenye meusi. Utangulizi ulikuwa mistari miwili tu. Wa kwanza ulipita, polepole, ukiwa mzima. Kwenye wa pili kidole cha nne kikateleza kikaangukia jeupe, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu aliyekanyagwa mguu. Alirudia. Kikaangukia palepale. Jasho likamwingia machoni. Watu mia tatu, na kikohozi cha mtu mmoja kule nyuma. Alirudia mara ya tatu, na mara hii vidole havikumngoja. Vilikimbia vyenyewe kwenda nyumbani, kwenye herufi, d, m, s, na utangulizi ukatoka wote, safi, wa kupendeza, ukiwa juu mno.

Kwaya ikaingia. Wangefanyaje? Wameshapewa sauti. Ubeti wa kwanza waliumudu kwa kunyoosha shingo. Kwenye kiitikio, pale Maganga alipoweka "Bwana, shuka unichukue" ili soprano wapande hadi mwisho wa uwezo wao, uwezo ulikuwa umekwisha zamani. Sauti moja ikapasuka. Ya pili ikanyamaza. Alto wakajaribu kuwafuata, teno wakashuka kutafuta mahali pengine, besi ya Samwel, ambayo haijawahi kukosa pa kukaa, ikakatika kabisa. Watoto wakageuka kutazama. Ansgar aliendelea kupiga peke yake nusu mstari, kisha akaacha.

Jeneza lilikuwa palepale mbele yao.

Apolonia ndiye aliyeanza. Hakusimama wala hakufumbua macho. Aliuanza wimbo kutoka mwanzo, kwa sauti ya mama anayechambua mchicha, na aliuanza chini, palepale ulipokuwa unakaa miaka yote, bila kuonyeshwa na chombo chochote. Besi wakamfuata. Kisha wote. Waliuimba beti zote nne hadi mwisho, na ulikuwa mzuri, na Ansgar alikaa mbele ya kinanda mikono ikiwa juu ya magoti.

Makaburini hakuna aliyemsema. Hata Samwel. Watu walimshika mkono wakampa pole kama mfiwa, na angependelea wamtukane.

*

Ijumaa asubuhi, kabla ya safari, alikwenda kuaga. Apolonia alimwita ndani. Kutoka juu ya kabati la vyombo alishusha kipande cha boksi la sabuni, kirefu kama mkono, akakipangusa kwa upindo wa kitenge, akakiweka mezani.

Kilikuwa kinanda. Maganga alikuwa amekichora kwa kalamu na rula, jino kwa jino, meusi ameyajaza wino hadi karatasi ikavimba. Meupe yalikuwa yamechakaa kwa kuguswa, lakini meusi yalikuwa yamechakaa zaidi. Yaling'aa kwa mafuta ya vidole.

"Kinanda ni mali ya kanisa, hakitoki," Apolonia alisema. "Na yeye kufika kule hakuweza tena. Ukamwandikia kwamba ni manne, akafurahi. Akasema, 'Ona, mtoto amenijibu.' Akahesabu gia nne kurudi nyuma akapata pa kuanzia, na yale mengine akayatafuta mwenyewe. Alikuwa analilaza hapa magotini kila siku. Anapiga, anaimba kwa midomo, sauti hana. Mimi nilikuwa nasikia kucha tu, ko, ko, ko. Ule wake peke yake, toka asubuhi. Akasema ukija likizo utamwangalia kama amepata."

Ansgar aliinama juu ya boksi. Yale manne yalikuwa yamezungushiwa kalamu nyekundu. Maganga alikuwa ameanza vizuri: do alikuwa ameipata, na re. Kisha, bila wa kumuuliza, alikuwa amefanya kama mtu yeyote ambaye angetafuta manne. Amechukua yote matatu ya kundi la matatu, na moja la kundi la mawili. Moja halikuwa la wimbo ule. Wiki tano alikuwa ameligonga jino lile akiamini, na boksi halitoi sauti ya kumwambia.

Neno moja tu zaidi lingetosha. Manne, na kisha yapi.

"Alikuwa amepata?" Apolonia aliuliza.

Ansgar aliiona sura yake. Ilikuwa ya mtu ambaye amebakiwa na swali moja.

"Alipata, mama."

Apolonia alishusha pumzi, akakaa kitandani. Kwa mara ya kwanza toka Jumatano mabega yake yalilegea. Alipitisha kiganja juu ya boksi, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Basi hili nitawapelekea wale wanafunzi wake," alisema. "Gia hawana, na wewe uko mbali. Wajifunzie hapa mpaka utakaporudi. Alikuwa na wasiwasi sana kwamba anawaharibu."

Ansgar alifungua mdomo. Nje bodaboda iliyokuja kumchukua ilipiga honi, na Apolonia akainua macho, akimngoja aseme.

"Lifungie kwenye nailoni, mama," alisema. "Mchwa wasilile."